Damu Inayorudi Siku ya Pili

Watu wa mtaa wetu wa Mikelenge wananijua kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba nashona kuliko fundi yeyote wa Kindu, na anayebisha alete gauni lake nilifumue tuone lilivyoshonwa. La pili ni kwamba mimi ndiye mwanamke aliyeingia kwenye uwanja wa tohara, mahali ambapo hata kuku jike hufukuzwa, nikamwondoa mwanangu mbele ya wembe. La kwanza hulisema mbele yangu. La pili walilisema pembeni kwa miaka mingi, na leo nataka kulisema mwenyewe, kwa maandishi, kwa sababu silionei haya hata chembe.

Nianze na ndoa, maana ugonjwa wenyewe uliingilia huko. Niliolewa na mtoto wa shangazi yangu. Shangazi huyo, dada ya baba yangu, tumbo moja, ndiye akawa mama mkwe wangu, na sikuacha kumwita Shangazi hata baada ya kuolewa. Kwetu, katika zile familia za Kiislamu za zamani za Kindu, jambo hilo lilikuwa fahari. Wazee walisema, kwa nini umpe mgeni binti yako wakati ndugu yake yupo, unamjua alivyolelewa, unajua hata anavyokoroma? Nami sikulalamika. Mume wangu alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na tulikuwa tumecheza pamoja tangu hatujajua kufunga vifungo vya nguo zetu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Kitovu chake kilipoanguka kilitoa damu, kikakauka, kikatoa tena, kikakauka tena. Shangazi alikikandamiza kwa kitambaa, akamsomea dua, mwisho kikapona. Tulisema kitovu kibaya, basi, tukasahau. Mtoto akakua, akawa mtundu, akawa anakimbia na kuku uani. Vita vilipoanza kusikika upande wa mashariki, wazee waliona ni afadhali watoto watahiriwe mapema kabla mambo hayajaharibika. Katika ukoo wetu, bibi mzaa baba ndiye humbeba mjukuu hadi kwenye uzio na kumkabidhi kwa wanaume. Shangazi alimbeba. Alikuwa amevaa kitenge kipya na alitembea katikati ya barabara kama mtu anayepeleka zawadi kwa gavana.

Siku ile damu ilikuwa kidogo, ikakauka. Tulipika wali na mbuzi, watu wakala, wakacheza ngoma. Siku ya pili, baada ya swala ya adhuhuri, damu ilirudi. Haikuja kwa fujo. Ilikuja polepole, bila kukoma, ikaloweka kitambaa hiki na kile. Hospitali ilikuwa imebaki milango tu, wauguzi wengi walikuwa wamekimbia na familia zao. Mwanangu alituacha akiwa ameniegemea kifuani, anaomba maji.

Nyumba nzima ilikuwa inalia, na Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa na maneno. Alisimama katikati ya ua akasema:

"Damu yenye ilishakauka hairudi yenyewe. Kuna muntu alikuja kuifungua."

Kila mtu alikubali, na nisiwe mwongo, hata mimi nilikubali. Ni jambo gani jingine tungelisema? Kidonda tulikuwa tumekiona kikavu kwa macho yetu. Kwa hiyo tukaishi na wazo kwamba kuna mkono wa mtu, na tukawa tunaangalia majirani kwa jicho la pembeni.

Mtoto wa pili wa kiume nilimzaa vita vikiwa vimetuzingira. Mji ulikuwa umefungwa kama mtungi. Mashamba yalikuwa huko nje na njaa ilikuwa humu ndani, na anayekwenda kuchimba muhogo wake aliaga kama anayesafiri. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi hadi tukasahau ladha ya chumvi. Mimi nilikuwa nashona nguo kutokana na mapazia ya watu waliokuwa matajiri zamani. Kitovu cha mtoto kikaanguka, kikavu kabisa, na kesho yake nilipomfungua nikakuta kitambaa chekundu.

Mara ya kwanza mtu anaweza kusema bahati mbaya. Lakini mimi ni fundi. Nikiona mshono uleule umeachia mahali palepale katika nguo mbili tofauti, siulizi nani kaja kuuvuta. Naangalia uzi. Siku ile ndipo wazo la mkono wa mtu liliponitoka, likaondoka lote, halikurudi tena. Nilijua ni kitu kilichomo ndani ya watoto wangu.

Nilimfunga mtoto mgongoni, mimi na mume wangu tukaenda hospitali. Umeme haukuwepo, dawa hazikuwepo, lakini muuguzi mmoja alikuwepo, mwanamume aliyekuwa mnene zamani, vita vikamkondesha hadi koti lake likamzunguka mara mbili. Alimwangalia mtoto, akamwangalia mume wangu, akasema, "Baba, leta mukono." Alipima haraka kama damu zao zinapatana na kama ni salama, akatoa damu ya baba, akaitia kwa mtoto ikiwa bado ina joto. Damu ya kitovu ikakoma, na safari hii haikurudi. Mtoto akaendelea vizuri kwa wiki nyingi. Nililiweka jambo hilo kichwani.

Tangu hapo nilikata shauri: huyu hatakatwa. Si kwa tohara, si kwa chale za dawa, si kwa kutoboa chochote. Nilimtangazia mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nilimtangazia Shangazi akanyamaza, na mtu anayemjua Shangazi anajua kunyamaza kwake si kukubali.

Kumlea mtoto kama huyo katika mji wenye vita ni kazi, na mimi niliifanya, acheni nijisifu. Nilimshonea kaptula zenye pamba magotini. Nilimkataza kupanda miti, akapanda, nikamshusha, nikamchapa matakoni ambako kuna nyama. Siku moja alianguka, kiwiko cha kushoto kikavimba kama embe. Tukarudi kwa yule muuguzi, baba akatoa mkono wake tena, mtoto akapona, ila kile kiwiko hakikunyooka tena sawasawa. Mkono mmoja ukabaki mfupi kuliko mwingine ukiutazama. Watoto wengine waliofuata, mabinti, hawakuguswa na ugonjwa huo, Mungu ashukuriwe.

Mwanangu alipofikia umri wa kuanza shule, maneno yakaanza. Mtoto wa Kiislamu, mwenye govi, mpaka lini? Shangazi aliulizwa sokoni, aliulizwa msikitini, aliulizwa kwenye misiba. Jibu langu lilikuwa moja. Nilikuwa nasema, "Mwenye haraka akatwe yeye."

Basi siku moja, karibu na Idi, Shangazi aliniletea kazi. Wateja wengi wakati ule hawakuwa na utepe wa kupimia, walikuwa wanatuma kamba yenye mafundo: fundo hili urefu wa mwili, fundo hili mkono. Shangazi aliniletea kipande cha shuka jeupe, safi, sijui alikitoa wapi, na kamba zake.

"Ni kanzu ya mutoto wa jirani," akasema. "Uifanye pana kidogo. Yule mutoto anapenda kucheza."

Nikakata, nikashona. Nilipofika kwenye mikono niliona kamba ya mkono wa kushoto ni fupi kuliko ya kulia. Nilicheka peke yangu. Nikasema mama wa watu amezeeka, amefunga fundo vibaya. Kama fundi yeyote mwenye heshima yake, nikasahihisha kosa, nikashona mikono yote miwili sawa, nikamkabidhi ikiwa imepigwa pasi.

Asubuhi ya siku ambayo wazee walikuwa wamekusanya wavulana wa mtaa, mimi nilikuwa kwa mteja upande wa sokoni, nampimia blauzi. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikamshika mkono wa kushoto nimpime, na hapo hapo akili yangu ikarudi kwenye ile kamba fupi. Shangazi hakufunga fundo vibaya. Shangazi hakuwahi kufunga fundo vibaya maishani mwake. Alikuwa amempima mwanangu, kwa uangalifu, na kile kiwiko pia, kwa sababu alitaka kanzu imkae vizuri. Na kanzu pana ya shuka jeupe, ambayo haigusi kidonda, ni ya nini kama si ya tohara? Nilikuwa nimeishona kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilitema pini nikatoka. Yule mama alibaki na blauzi upande mmoja, na mpaka leo hunikumbusha.

Nilikimbia. Sijui nilipita njia gani, najua kiatu kimoja kilibaki njiani na sikukirudia. Ule uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, umezungushiwa matawi ya mchikichi, na ndani wanaume walikuwa wanaimba kwa sauti ili kilio kisisikike nje. Nje ya uzio walikaa wanawake, na mbele yao Shangazi, mikono mitupu mapajani. Alikuwa ameshamkabidhi. Aliponiona aliinuka akanishika kitenge. Kitenge kikafunguka, kikabaki mikononi mwake, mimi nikaingia na shimizi yangu.

Ninavyosimulia sasa watu hucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Wimbo ulikatika. Wavulana walikuwa wamekaa chini kwa mstari, kanzu nyeupe, macho makubwa. Wangu nilimjua kabla sijauona uso wake: mkono mmoja wa kanzu ulikuwa umemfunika kiganja chote, kwa sababu mama yake alijifanya fundi hodari. Ngariba alikuwa kwa mtoto aliyekaa kando yake, bado kidogo tu amfikie.

"Mama, toka!" mzee mmoja alipiga kelele. "Hapa haiko pa wanawake!"

"Hapa haiko pa mwanangu pia," nikamjibu.

Walinizunguka. Baba za watu, watu ninaowaheshimu, wengine walikuwa wamenifundisha Kurani. Lakini sauti haikunitupa. Nikawaambia:

"Mukimukata leo, leo mutacheza ngoma. Kesho njo mutamuzika. Mulishakula wali ya wa kwanza. Ya uyu hamutakula."

Mtoto mmoja akavuta makamasi. Ni ngariba aliyezungumza kwanza, naye hakuwa yule aliyemtahiri marehemu wangu. Alifuta wembe wake kwenye kitambaa, akasema, "Mubebe mutoto wako, mama. Mimi silazimishi muntu." Nikambeba. Alikuwa mzito, miguu inaburuta, naye alikuwa analia kwa aibu, si kwa woga. Ananiambia sikioni, "Mama, umenitia haya mbele ya rafiki zangu." Nikamwambia vizuri, utanichukia ukiwa mzima.

Shangazi alikuwa bado ameshika kitenge changu. Nilikichukua bila kumwangalia. Nilichelea nikimwangalia nitasema neno ambalo haliombewi radhi.

Jioni ile ile wazee walimwita mume wangu. Mwanamke aliyeingia uwanjani amevunja desturi, wakasema, lazima arudishwe kwao. Nilikuwa nasikiliza dirishani, nimeshafunga hata mzigo wangu. Mume wangu akawajibu kwa ule upole wake:

"Ni binti ya mujomba yangu. Nimurudishe wapi? Kwao ni kwetu."

Mzee mmoja alicheka kabla hajajizuia, na kesi ikaishia hapo. Nimempenda yule bwana kwa mengi, Mungu amrehemu, lakini kwa jibu lile nampenda hadi leo hii.

Mwanangu alikua akiwa na govi lake na aibu yake. Alioga mtoni na kaptula. Msikitini alikaa safu ya nyuma na vitoto. Akichinja kuku nyumbani, wageni waliuliza nani kachinja, na wakijua, wakasema wameshiba. Yote hayo yaliniuma, lakini kila asubuhi nilikuwa nahesabu mtoto mmoja zaidi ya wale ambao wangeniachia. Akasoma. Alikuwa na kichwa cha hesabu. Leo ni mwalimu wa hesabu, na baadhi ya wale waliomcheka humpelekea watoto wao awafundishe, wakimwita "mwalimu" kwa adabu zote.

Na Shangazi? Tuliendelea kuishi ua mmoja, tukala sahani moja. Alipougua nilimwogesha. Juu ya ile siku hatukusema neno. Nilidhani ni ukaidi, na ukaidi nauelewa vizuri, tumeuchota kisima kimoja.

Majibu yalikuja kwa njia ya jino. Mwanangu, mtu mzima sasa, jino lilimsumbua, likang'olewa bila kuniambia. Siku ile hakuna damu. Siku ya pili mdomo ukajaa. Tulimpeleka hospitali, tukampata daktari kijana aliyetoka kumaliza masomo Kisangani. Miaka ya nyuma daktari mwingine alikuwa ameshatupima, akasema, "Damu ya mutoto iko muzuri, mama, inaganda sawa na ya watu wote," na Shangazi alikuwa ametembea wiki nzima shingo juu. Kwa hiyo nilimtegemea huyu aseme hivyohivyo. Badala yake aliketi karibu nami akauliza:

"Mama, ilitoka siku ile ile, ao ilirudi kesho yake?"

"Ilirudi kesho yake. Hurudi kesho yake kila mara."

"Na wakati alizaliwa, kitovu chake kilitoka damu?"

Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimebeba jibu la swali hilo, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililia pale pale kwenye benchi, sijui hata kwa nini, wakati mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Kisha nikamweleza yote, tangu mtoto wa kwanza.

Alichukua damu kidogo ya mwanangu na kidogo yangu, akaziacha zigande kila moja kwenye kichupa chake. Zikaganda zote mbili, sawasawa. Akazitia dawa fulani juu, akasema turudi kesho. Tuliporudi alinyanyua vichupa kwenye mwanga wa dirisha. Pande langu la damu lilikuwepo, limekaa chini. La mwanangu lilikuwa limeyeyuka kama sukari kwenye chai.

Akanieleza kwamba ndani ya damu kuna vitu vingi vinavyosaidiana kuigandisha, wao huviita fakta, na vina namba. Wengi wanaosikia ugonjwa wa damu kutoganda husikia ule unaojulikana, lakini wa mwanangu ni wa nadra sana: amekosa fakta ya kumi na tatu. Nilimwambia anipe kwa lugha ya cherehani, tukasaidiana kuipata. Zile nyingine zinashikiza kitambaa kwa uzi wa mkono, kinaonekana kimeshonwa. Ya kumi na tatu ndiyo inayopitisha mashine. Mashine isipopita, nguo inakaa vizuri siku ya kwanza, na kesho yake inaachia. Ndiyo maana vipimo vya kawaida havioni kitu. Damu ilipelekwa Kinshasa kwa uhakika zaidi, ikarudi na jibu lile lile.

"Wewe na marehemu mume wako muko wa jamaa moja?" akauliza.

"Mama mukwe yangu ni shangazi yangu."

Akaeleza kwa upole. Mume wangu alikuwa na nusu ya upungufu, mimi nusu, sote wazima bila kujua, na mtoto anaweza kukutana na nusu zote mbili. Hakuna kosa la mtu. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Nilimwambia Shangazi twende akaone vichupa kwa macho yake, maana macho yake, ingawa uzee ulikuwa unayafunga, yalikuwa bado yanaona kidogo. Alikataa.

"Chupa haioni mambo ya usiku," akasema, akageukia ukutani.

Halafu mwanangu akapenda. Msichana wa watu wa Pangi, baba yake anachimba dhahabu kwenye mji wa Kama, mtu wa kanisani, mcheshi. Walikuja kutuona, tukawapikia samaki wa mto Lualaba, kila kitu kikawapendeza. Lakini watu wa Pangi hawana mchezo na tohara, pengine kutushinda sisi. Yule baba alisema waziwazi, bila dharau: binti yake hawezi kuolewa na mwanamume ambaye hajatahiriwa, ukoo wake hautamwelewa.

Nilikuwa tayari kumfukuza na samaki wake tumboni. Mwanangu akaniwahi. Aliwaambia wampe muda. Kisha akanifuata kwenye cherehani, akazima taa ya mashine ili nimsikilize.

"Mama, nilizungumza na muganga wa hospitali. Kuna plazma, ile sehemu ya damu yenye fakta yangu. Wataileta kwa ndege katika sanduku la barafu. Wananitia kwanza, njo wanakata."

"Hapana."

"Mama."

"Nilisema hapana ukiwa mudogo, na hapana yangu haijazeeka."

Alicheka. Akaniuliza, "Utaingia tena na shimizi?" Nikamwambia nitaingia. Lakini nilijua sitaingia. Alikuwa anakwenda kwa miguu yake, na akili yake, na jina la ugonjwa wake mfukoni, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Usiku ule nilimchukia daktari, mkwe, Kama na dhahabu yake yote. Asubuhi nilimpigia mwanangu pasi shati la kwendea hospitali.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Sikuishangilia. Siku ya kwanza ilishanidanganya mara nyingi.

Siku ya pili asubuhi nilimkuta Shangazi ameshavaa, amekaa mlangoni na fimbo yake. Macho yalikuwa yameshafunga kabisa kufikia wakati huo. Akasema nimpeleke. Nilimpandisha kwenye baiskeli ya abiria, mimi nikatembea pembeni nimemshika kiuno. Tukakaa kwenye benchi la varanda ya hospitali, yeye na mimi, adhuhuri ikafika, ikapita. Yeye alikuwa anapapasa shanga za tasbihi, midomo haichezi.

Alasiri daktari alitoka. Alikuwa amebadilisha kitambaa, akanipa kile cha zamani nikitazame, kwa sababu aliniahidi kutonificha kitu. Kilikuwa cheupe. Nilikigeuza huku na huku, nikakishika kama ninavyoshika nguo ya mteja kutafuta kasoro, sikuona. Shangazi akanyoosha mkono. Nikampa. Alikipitishia vidole kote, ukingo hadi ukingo, akakinusa.

"Ni kikavu," akasema.

"Ni kikavu, Shangazi."

"Siku ya pili?"

"Siku ya pili."

Alikikunja vizuri juu ya magoti yake, pembe kwa pembe. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo:

"Basi hakuna muntu alikuja."

Nilichelewa kuelewa, na nilipoelewa nilishika ukingo wa benchi. Hakuwa anazungumza juu ya huyu: kama plazma ndiyo iliyozuia damu, basi hata ile ya zamani haikufunguliwa na mtu. Miaka yote hiyo nilidhani anapigania desturi, kumbe alikuwa anapigania yule wa kwanza, aliyembeba mwenyewe hadi kwenye uzio. Kama kuna mtu alikuja usiku, basi si yeye. Kama mdogo angetahiriwa na kupona, basi si yeye. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya siku hii kwa zaidi ya miaka ishirini, makali, yamepangwa. Nikayatafuta, sikuyataka.

"Hakuna alikuja," nikamwambia. "Ilikuwa ndani ya damu yetu. Wewe uliipokea, na baba yangu, na mimi. Kama ungejua, ungemuficha chini ya kitanda chako. Ninakujua."

Machozi yalimtoka bila kelele. Nikamwacha alie. Kisha akajifuta, akashika fimbo, akasema nimwingize ndani.

Kwetu, bibi humtania mjukuu wake wa kiume, humwita mume wake. Shangazi alimwita hivyo yule wa kwanza tangu yuko mgongoni. Huyu, tangu azaliwe, hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja, na mimi nilikuwa nimeliona na kunyamaza. Nilimwongoza hadi kwenye kitanda. Akapapasa hadi akaupata ule mkono wa kushoto usionyooka, akaushika kwenye kiwiko.

"Mume wangu," akasema. "Umelala muzuri?"

Mwanangu alinitazama kwanza, macho yamejaa. Kisha akamjibu, kwa sauti ya utani inayokwaruza:

"Umechelewa, bibi. Nimeshapata mwingine, wa Pangi."

Shangazi alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka pamoja naye bila kujua kisa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mgongo wima. Muuguzi aliyepita aliniuliza huyu kijana ni wa nani. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika varanda nzima, ni wangu.